Usiku Mmoja wa Mei 1977: Namna ya Kusikiliza Muziki Ulionaswa Ukumbini

Bwana Mhariri ameniomba nieleze katika gazeti letu la muhula huu ni muziki gani unaosikika kutoka maabara ya fizikia kila Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Ombi lake limekuja wakati wake. Katika mkutano wa wazazi uliopita mzee mmoja alisimama akauliza, kwa adabu lakini kwa sauti iliyofika mlangoni, kwa nini watoto waliopelekwa kusoma wanakaa saa nzima wakisikiliza wimbo mmoja wa Wamarekani usiokwisha, tena wa kundi lenye neno "wafu" katika jina lake. Siku ile nilimjibu maneno machache, kwa kuwa mambo ya kuzungumza yalikuwa mengi na jua lilikuwa kali. Sidhani kama yalimtosha. Hata mimi mwenyewe hayakunitosha, na haya yafuatayo ndiyo niliyotaka kumwambia.

Nianze na jina, maana ndilo lililomtia mzee wangu wasiwasi. Kundi hilo liliitwa Grateful Dead, yaani Wafu Wenye Shukrani. Lilianza mwaka 1965 katika jimbo la California, Marekani, kwa jina jingine kabisa. Walipohitaji jina jipya walifungua kamusi, na macho ya mpiga gitaa wao, Jerry Garcia, yakaangukia maneno hayo mawili. Si maneno ya uchawi. Ni jina la namna moja ya hadithi za kale zinazosimuliwa katika nchi nyingi. Msafiri anakuta maiti imenyimwa kuzikwa kwa sababu marehemu aliacha deni. Analilipa deni lile kwa fedha zake za mwisho, maiti inazikwa, naye anashika njia yake mikono mitupu. Huko mbele anapatwa na shida, na mtu asiyemjua anamwokoa. Kumbe ni yule marehemu, amerudi kulipa fadhila. Hadithi ya namna hiyo hata bibi zetu wangeweza kuisimulia jikoni, wala hapana mtu ambaye angeshtuka.

Upande wa pili sitauficha. Wanamuziki hao waliishi mahali na wakati ambao dawa za kulevya zilitumiwa hadharani, na wao walizitumia. Garcia alifariki Agosti 9, 1995, akiwa na umri wa miaka 53, katika nyumba ya kutibia watu walioathirika na dawa hizo. Jambo hilo silisifu, na wanafunzi wangu walilisikia kutoka kinywani mwangu kabla hawajasikia noti hata moja ya gitaa lake.

Desturi ya kundi hilo ilikuwa hivi. Waimbaji huimba beti zao, kisha maneno hukoma, na vyombo huendelea peke yake bila kupangiwa viende wapi. Msomaji aliyepata kusikia muziki wetu wa dansi anaijua sebene: mwimbaji akimaliza, magitaa hushika njia na watu huingia uwanjani kucheza. Mambo haya mawili yanafanana, ila kwa tofauti moja kubwa. Katika sebene mpiga solo hurudia mchoro wake ili mchezaji asipoteze hatua, na utamu huongezwa kidogo kidogo juu ya mchoro ule ule. Wale Wamarekani huuacha mchoro ugeuke. Mmoja hujaribu njia, wengine humfuata au humkatalia, na mara nyingine wote hupotea, muziki ukawa ovyo kwa dakika tano mpaka mmoja wao aone pa kutokea. Kwa hiyo wimbo uliopigwa mara mia haukuwa sawa hata mara mbili.

Tangu 1965 mpaka 1995 walifanya maonyesho zaidi ya 2,300. Walitengeneza santuri za studio pia, lakini kwa maoni yangu nyingi kati ya hizo ni baridi kama chai iliyosahauliwa. Muziki wao hasa ulikuwa katika yale maonyesho, nao ungalipotea wote hewani kama usingalinaswa. Wao wenyewe walilijua hilo. Hawakuwafukuza wasikilizaji waliokuja na vinasa sauti vyao, na kuanzia mwaka 1984 waliwatengea sehemu yao maalumu ukumbini. Waliwataka jambo moja tu, kwamba kanda zibadilishwe bure, zisiuzwe. Basi zikazunguka kutoka mkono hadi mkono, nchi hata nchi, mpaka moja ikafika katika shule niliyosoma mimi.

Ililetwa na mwalimu wa hesabu aliyekuja kujitolea kutoka Marekani. Mwaka 1996, nilipokuwa Kidato cha Tatu, mwalimu huyo alirudi kwao, akagawa vitu vyake: wengine walipata viatu, mwingine alipata chandarua, mimi nikapata kaseti mbili zilizofungwa pamoja kwa mpira. Juu yake ameandika kwa wino, "Barton Hall 5/8/77". Kwa miaka mingi niliamini kwamba onyesho lile lilikuwa la Agosti 5, maana ndivyo sisi tunavyosoma tarehe. Kisha nikasoma mahali kwamba watu walipotoka ukumbini usiku ule walikuta theluji inaanguka. Nikajiuliza, theluji gani hiyo ya Agosti? Ndipo nilipojua kwamba Wamarekani hutanguliza mwezi. Ilikuwa Mei 8, 1977, siku ya Jumapili, na hata kwa mwezi wa Mei theluji ile ilikuwa ya kushangaza.

Barton Hall ni jengo la Chuo Kikuu cha Cornell, katika mji wa Ithaca, jimbo la New York. Halikujengwa kwa ajili ya muziki. Lilijengwa kwa gwaride na mazoezi ya kijeshi ya wanafunzi, na baadaye likatumika pia kwa michezo. Ni jengo refu na pana, lenye paa la juu na kuta ngumu. Wanafunzi wangu wa Kidato cha Pili wataona mara moja ubaya wake. Sauti huenda mita 340 hivi kwa sekunde moja. Ukisimama mita 34 kutoka ukutani ukapiga kofi, sauti huenda na kurudi mita 68, na baada ya sekunde 0.2 unasikia kofi la pili ambalo hukulipiga. Sasa mahali pa kofi weka wapiga ngoma wawili na gitaa la besi, kisha ongeza maelfu ya vijana wanaopiga kelele. Mtu anayenasa muziki akiwa katikati ya umati, katika ukumbi wa namna hiyo, huenda nyumbani na uji.

Kanda ninayoizungumzia haikunaswa hivyo. Ilinaswa na fundi wa bendi yenyewe, mwanamke aitwaye Betty Cantor-Jackson, kwa sauti zilizopita katika nyaya kutoka jukwaani, si kwa sauti zilizokwisha kuzunguka ukumbini na kugonga kuta. Katika kazi ya namna hiyo kila chombo humfikia fundi peke yake, naye huamua besi iwe kubwa kiasi gani kando ya piano, mwimbaji asimame wapi, na nini kiende upande wa kushoto au wa kulia. Huamua hayo yote wakati muziki unapigwa. Noti ikipita imepita, haiwezi kuitwa irudi. Jukwaani walikuwapo wanamuziki saba: Garcia kwenye gitaa la solo, Bob Weir kwenye gitaa la pili, Phil Lesh kwenye besi, Keith Godchaux kwenye piano, mkewe Donna Jean Godchaux akiimba, na Bill Kreutzmann na Mickey Hart kwenye ngoma. Mimi husema walikuwa wanane, kwa kumhesabu Betty.

Sasa nije kwenye kusikiliza kwenyewe.

Mtu asiyezoea hukosea kwa kusikiliza kila kitu kwa mara moja. Masikio huchoka, akaona ni kelele tu. Mimi huwaambia wanafunzi wamchague mtu mmoja, wamfuate kama mtu anavyomfuata ndugu yake sokoni siku ya gulio, bila kumpoteza. Yafaa waanze na mpiga besi. Phil Lesh hakupiga besi kama wengi wapigavyo, yaani kusimama chini na kushika mapigo kama nguzo ya nyumba. Yeye huzunguka. Hupanda, hushuka, humjibu mpiga solo, na mara nyingine humtangulia. Ukiisha kumfuata Lesh kwa dakika kumi utaanza, bila kutaka, kumsikia Garcia anavyomsikiliza Lesh, na hapo ndipo mlango unapofunguka.

Nusu ya kwanza ya onyesho siwalazimishi kuisikiliza yote. Ni nyimbo fupi fupi zilizopigwa vizuri. Huo ulikuwa wakati ambao bendi ilikuwa imetoka kutengeneza santuri ya Terrapin Station, iliyotolewa Julai 1977, na mtayarishaji wa santuri hiyo aliwabana sana katika mazoezi. Unasikia faida yake: wapiga ngoma wawili wanatua pamoja kama mtu mmoja mwenye mikono minne. Wimbo wa mwisho wa nusu hiyo, Dancing in the Street, ambao kwanza ulivuma mwaka 1964 kwa kundi la Martha and the Vandellas, wao waliunyoosha hata ukapita robo saa. Wasichana wa Kidato cha Nne huupenda kuliko nyimbo zote, nao huinuka kucheza kati ya meza za maabara. Nimewaomba wasizikaribie chupa za asidi.

Nusu ya pili inaanza kwa jambo dogo ambalo nalipenda sana. Watu wa nyuma walikuwa wakisukuma, na wale wa mbele wakabanwa jukwaani. Badala ya kupiga muziki, wanamuziki wanaanza kuwasihi wasikilizaji warudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, kwa mzaha na kwa subira, kama mwalimu wa zamu anavyopanga foleni ya chakula. Haya yote yamo katika kanda. Santuri ya studio haina kitu kama hicho. Ghafula msikilizaji anajua kwamba mahali pale palikuwa na watu, na miili yao, na joto lao, ijapokuwa nje kulikuwa na baridi.

Kisha zinafuata nyimbo mbili zilizounganishwa, Scarlet Begonias na Fire on the Mountain, zinazochukua pamoja dakika zaidi ya 25. Huu ndio "wimbo usiokwisha" ambao mzee wangu aliusikia. Ule wa kwanza ni wimbo mchangamfu, wenye kona nyingi. Ule wa pili una vikundi viwili tu vya noti vinavyopokezana kutoka mwanzo mpaka mwisho, hiki na hiki, hiki na hiki, kama mtu anayetembea kwa miguu yake miwili. Wakati ule ulikuwa mpya: walikuwa wameupiga mbele ya watu kwa mara ya kwanza Machi 18, 1977, mjini San Francisco, haujatimiza hata miezi miwili. Swali ni hili: wimbo wa kwanza unakwisha wapi, na wa pili unaanza wapi?

Tulilijaribu kama tunavyojaribu jambo lolote la maabara. Walikuwapo wanafunzi kumi na wanne. Niliwaambia wafumbe macho, na kila mmoja ainue mkono pale atakapoona wimbo wa pili umeingia. Mimi nilishika saa. Mvulana wa Kidato cha Kwanza, anayepiga ngoma katika bendi ya gwaride la shule, aliinua mkono kwanza kabisa. Baadaye wakafuata watatu, kisha kimya, kisha sita karibu pamoja. Msichana mmoja wa kwaya aliinua mkono mwisho. Kati ya mkono wa kwanza na wa mwisho palipita karibu dakika mbili. Walipofumbua macho walianza kubishana, kila mtu na sababu yake. Yule mvulana alisema ngoma zilikuwa zimekwisha kubadili mwendo. Wale sita walisema ni besi. Msichana wa kwaya alisema hakusadiki mpaka gitaa la Garcia lilipoacha kukumbuka wimbo wa zamani. Hayo ndiyo maneno yake, nami sina bora kuliko hayo. Hapana aliyekosa. Wale wanamuziki saba hawakuvuka pamoja. Mmoja alitangulia kuvuka, mwingine akasimama katikati ya mto akiwatazama wa huku na wa kule, na wa mwisho alipofika ng'ambo hapakuwa na aliyemkemea kwa kuchelewa. Nyimbo mbili ziliishi katika chumba kimoja kwa muda ule wote wala hazikugombana. Mtu anayengoja tu wimbo ukwishe hawezi kulisikia jambo hili, maana limo ndani ya kule kutokwisha.

Baada ya hapo huja Estimated Prophet, nao ni mzuri kwa wale wanaodhani wanajua kuhesabu. Nyimbo nyingi tuzijuazo huhesabiwa nne nne. Huu huhesabiwa saba. Jaribu kupiga kofi kwa kuhesabu nne, na baada ya muda mfupi utajikuta umeachwa kando ya njia. Humo Garcia anapitisha gitaa lake katika kifaa kidogo cha umeme kinachoifanya noti ipanue kinywa kadiri ya nguvu ya kidole, hata gitaa likawa kama mtu anayenong'ona na kubwata. Vidole vyenyewe havikuwa vyote. Katika mkono wake wa kulia, ule wa kuchezesha nyuzi, sehemu kubwa ya kidole cha kati haikuwapo. Ilikatwa kwa shoka alipokuwa mtoto mdogo, yeye na kaka yake wakichanja kuni.

Sitaki msomaji afikiri kwamba nasifu kila kitu. Not Fade Away ya usiku ule hunichosha. Ni ndefu, nayo inazunguka mahali pamoja kuliko inavyostahili. Waimbaji mara nyingine hukosa noti waliyoilenga, hasa wanapoimba watatu kwa pamoja. Tena wapo wajuzi wanaosema kwamba onyesho la Mei 7 mjini Boston, au la Mei 9 mjini Buffalo, halikupungua kwa lolote, na kwamba hili la Cornell limepata sifa kwa sababu tu nakala zake zilikuwa safi na zilienea sana. Huenda ni kweli kwa sehemu. Wanafunzi wakiniuliza kama hili ndilo bora kuliko yote, huwaambia kwamba aliyetaka kujibu swali hilo kwa haki angekuwa na maonyesho 2,300 ya kusikiliza, na mitihani iko Novemba.

Lakini Morning Dew sibishani na mtu juu yake. Wimbo huu ulitungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na mwanamke wa Kanada aitwaye Bonnie Dobson. Ni mazungumzo ya watu wawili baada ya vita vya nyuklia kumaliza ulimwengu: mmoja anauliza, mwingine anajibu, na kila jibu linapunguza kitu. Bendi inaupiga polepole sana, muda wa dakika 14 hivi. Garcia anauimba kama mtu asiyetaka kuamsha waliolala. Maneno yanapokwisha muziki unashuka hata karibu kukatika, na gitaa linaanza tena kutoka chini, noti moja moja, bila haraka. Hapa niliwahi kuwaambia wanafunzi wawafuate wapiga ngoma badala ya gitaa, wasikie jinsi wanavyojizuia. Wangeweza kulipuka mapema, na umati ungefurahi. Hawakufanya hivyo. Kila gitaa linapopanda ngazi moja wao wanampa nafasi kidogo tu, kisha wanangoja. Hata mwishoni Garcia anapozikwangua nyuzi kwa kasi, mkono mmoja hauwezi tena kuhesabiwa mapigo yake, ndipo wote saba wanapofika. Siku ya kwanza tulipousikiliza hapakuwa na aliyesema neno, na kengele ya saa tisa iligongwa tungali tumekaa.

Kanda hizo zilikaribia kupotea, na habari yake ndiyo hasa iliyonifanya niandike.

Betty Cantor-Jackson alikuwa amenasa maonyesho mengi ya bendi, nazo kanda zake alikuwa nazo yeye. Baadaye maisha yalimwendea vibaya. Vyombo vyake, pamoja na kanda, viliwekwa katika ghala la kukodi, naye akashindwa kulipa kodi. Mwaka 1986 vyote vikauzwa kwa mnada, na kanda zikaangukia mikononi mwa watu ambao hawakuwa wamezinasa. Kwa bahati baadhi ya wanunuzi walizithamini, zikanakiliwa, na nakala zikanakiliwa tena. Ndizo zilizokuja kuwa zile kaseti mbili zilizofungwa kwa mpira. Wanafunzi wa fizikia wajue kwamba katika kanda za namna hii sauti ni chembe ndogo ndogo za oksidi ya chuma zilizopangwa na sumaku juu ya utepe wa plastiki, na kila nakala ya nakala huongeza mvumo wake kama wa upepo. Yangu ilikuwa na upepo mwingi. Lakini ndani ya upepo ule Lesh alisikika kila noti.

Mwaka 2012 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitangaza kwamba imeliingiza onyesho lile katika orodha yake ya mwaka 2011 ya sauti zinazostahili kuhifadhiwa na taifa. Kanda za asili zilirudi katika hifadhi ya bendi baadaye, na mwezi Mei 2017, miaka arobaini tangu usiku ule wa theluji, zikatolewa rasmi. Hizo ndizo tunazozisikiliza Jumamosi, nazo hazina upepo.

Sasa niseme la kwangu. Baba yangu mdogo alikuwa mpiga besi katika bendi ya dansi. Hawakupata kurekodi santuri. Usiku mmoja aliweka radio-kaseti juu ya meza karibu na mlango wa ukumbi waliokuwa wakipiga, akabonyeza vitufe, akaiacha. Alipata kaseti moja ya saa nzima. Ilikuwa uji mtupu, chupa zinagongana, watu wanasalimiana, lakini ndiyo peke yake iliyokuwapo. Wenye umri wangu wanakumbuka kwamba nyuma ya kaseti palikuwa na vibanzi viwili vya plastiki. Ukivivunja, mashine haikubali tena kunasa juu yake. Baba mdogo alivivunja vyote viwili. Mwaka 1991, nilipokuwa darasa la tano, nilikunja karatasi kutoka daftari langu la hesabu, nikaziba matundu yale, nikanasa matangazo ya mpira. Timu yangu ilifungwa.

Hakunipiga. Aliishika kaseti, akazitoa zile karatasi kwa ncha ya kalamu, akaziweka mezani, akasema, "Haya." Miaka minne baadaye alifariki.

Kabla ya kufuta, kichwa cha mashine hakiulizi kilichopo juu ya kanda ni nini. Zile chembe hupangwa upya, na kilichokuwapo hakimo tena popote duniani. Wanafunzi wanaponiona nahifadhi nakala ya kwaya yao mahali patatu hucheka, wakadhani ni uzee.

Refa alipopuliza filimbi ya mwisho nilizima radio, na upande wa pili wa kaseti ulikuwa umebakiza sekunde kumi na moja. Humo besi inashuka noti nne, inapanda moja, mtu anacheka karibu sana na kinasa sauti, kisha kanda inakwisha. Nimezihamishia kwenye kompyuta ya maabara. Jumamosi ya kwanza ya muhula ujao tutazisikiliza kwanza, mara tatu au nne, halafu tutaingia Scarlet Begonias. Yule mzee aliyeuliza swali namkaribisha kwa heshima zote. Tunaanza saa nane kamili, na kiti cha mbele nitamwekea.